Machozi Mbele ya Kibuyu

Siku ambayo wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake, Waringa aliamka akiwa amechoka tayari. Si uchovu wa jana peke yake, ingawa jana nayo ilikuwa na mambo yake: kumenya gunia zima la viazi vya kupondea mukimo na akina mama wa kanisa, kuchambua maharagwe meusi ya njahi mpaka macho yakaona njahi hata ukutani, na kugombana na mwenye hema aliyetaka kukata matawi ya ua wa msiprasi eti yanamzuia kufunga kamba. La, huu ulikuwa uchovu wa miaka, ule unaokaa kwenye magoti na nyuma ya shingo, na mtu akikuuliza habari yako unajibu "nzuri" kwa sababu kueleza nako ni kazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavaa soksi polepole, akajiambia ni leo tu. Wageni waje, wale, wazee waseme yao, huyu mtoto apate kwake, nami nipumzike. Na ungemlaumu vipi?

Maana Waringa hakulea mtoto tu, alilea macho. Ukiwauliza majirani wa zamani hapo mtaani Woodley watakwambia. Waceke alikuwa mdogo, hata nasari hajaanza, macho yalipoanza kumwasha. Si kule kuwasha kwa mtu aliyeingiwa na kijitaka. Mtoto alisugua kwa ngumi mpaka kope zikavimba, asubuhi aliamka na utando mweupe unaovutika kama uzi, jua lilimchoma, akawa anatembea ameinamisha kichwa kama mwenye kutafuta kitu alichoangusha. Wazazi wengine wakawakataza watoto wao kucheza naye, wakisema anaambukiza. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo. Na ushauri, jamani, ulimiminika bila kuombwa. Huyu alisema mwoshe na majani ya chai, yule alisema mtie maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine, Mungu amsamehe, akataja mkojo. Mama mkwe wa Waringa alinong'ona kwamba kuna mtu amemtupia mtoto jicho. Waringa alijaribu yote hayo isipokuwa mkojo, na hata huo si kwamba hakuufikiria.

Kisha akapata dawa. Alipewa kwenye duka moja la dawa kule Ngara, ambalo siku hizi halipo, na jamaa wa koti jeupe ambaye kila mtu alimwita daktari naye hakumsahihisha mtu. Kachupa kadogo, matone mawili kila jicho. Kesho yake macho yalikuwa meupe kama ya watoto wengine. Waringa alimshukuru Mungu kwa magoti, akawa ananunua kachupa baada ya kachupa, mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, mpaka mtoto akaanza kusema anaona miduara ya rangi kuzunguka taa. Ndipo wakaenda kliniki ya macho kule Upper Hill, wakakalia benchi kutwa, na daktari mmoja mwanamke, mpole lakini asiyejua kuzunguka mbuyu, akawapa ukweli wao.

Aleji yenyewe, alisema, ni msumbufu tu, haikuwa na haraka ya kumpofusha mtu. Dawa ndiyo iliyokuwa na haraka. Ilikuwa na steroidi, kitu kinachotuliza jicho upesi, lakini kikitumiwa bila kupimwa hupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo hula mshipa wa kuonea kimya kimya. Walikuwa wamewahi. Kidogo tu, lakini wamewahi. Waringa alisikiliza huku amekishika kile kichupa ndani ya mkoba.

Basi akafundishwa upya. Kwamba mwili wa mtoto unaona vumbi ukadhani ni adui, ukapigana nalo pale pale kwenye jicho. Kwamba ndani ya godoro mna wadudu wadogo wasioonekana, na uchafu wao ndio unaowasha. Kwamba nyasi zikichanua baada ya mvua nazo ni balaa. Asisugue, akiwashwa abandikwe kitambaa cha maji baridi. Kuna matone ya kuzuia, na hayo hutiwa kila siku hata macho yakiwa mazima, maana huchukua muda kabla hayajashika. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto, godoro liote jua, kapeti itoke. Akikua, daktari alimalizia, huenda yatapungua yenyewe. Hilo la mwisho Waringa hakulisikia vizuri. Alikuwa tayari anafikiria kapeti.

Na si kapeti tu. Wakati huo alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, pale pale nyumbani, chumba kimoja na mtoto, na nyoya za nyuzi zilitapakaa kila mahali. Aliibeba mashine akaihamishia kwenye kibanda huko Ngara, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni, mvua yake jua lake. Akirudi anachemsha maji ya kufulia shuka. Mume wake, Kihara, karani wa Baraza la Jiji, mtu mzuri lakini mzito wa kuinuka, alikuwa akimwambia apumzike kidogo. Apumzike na nani atafua? Hivyo ndivyo ujana wa Waringa ulivyokwenda, kwenye beseni na kamba ya kuanikia, na hata siku moja hakuujutia. Ila kuchoka alichoka.

Sasa Waceke alikuwa na miaka thelathini na mitatu, karani kwenye ofisi ya bima mjini, amepanga chumba kwenye fleti moja Ngara. Jumapili akitoka kanisani huja nyumbani kula. Mara nyingi alifika macho mekundu, na Waringa, bila hata kuacha kukoroga mchuzi, alimuuliza, "Yanawasha?" Waceke hujibu kwamba yanawasha kidogo. Basi Waringa huosha mikono, hufungua kabati, humtia matone, wakaendelea na chakula. Mambo yalikuwa yamekuwa hivyo muda mrefu mno hata hakuna aliyeyafikiria.

Lililofikiriwa lilikuwa ndoa. Shangazi Wangui, dada yake Kihara, mwanamke wa mdomo mwepesi na roho safi, hakuwahi kukanyaga nyumba ile bila kuuliza habari za bwana harusi. Mchagua nazi, alikuwa akisema, na hamalizii, kwa kuwa koroma alilijua kila mtu. Wanawake wa kanisa nao waliombea jambo hilo kwa sauti, jina likitajwa. Waringa mwenyewe hakusema mengi. Alikuwa akishusha pumzi tu. Lakini kushusha pumzi kwa mama, mtoto akikusikia, si kitu kidogo.

Ndipo akaja Mbuthia. Alifanya kazi benki huko Upper Hill, aliimba besi kwenye kwaya, alikuwa na ploti, na alisema polepole kama mtu anayepima maneno kwa kijiko. Hakuna aliyeona dosari kwake. Alipoomba kuja na wazee wake, Waringa alimwita Waceke jikoni akamuuliza anaonaje. Waceke alikuwa akikausha sahani. Alijibu, "Sawa tu, Mama." Waringa aliisikia ile "tu" na akaiacha ipite. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na jibu lilikuwa jibu.

Haya. Siku yenyewe ikafika, na ikaenda vizuri, kusema kweli. Wageni waliimba getini, akina mama wa nyumbani wakawaimbia kuwazuia, kukawa na ubishi wa raha na vicheko, geti likafunguliwa. Wazee walijifungia sebuleni na mambo yao ya mbuzi na ng'ombe wasioonekana, wanaohesabiwa kwa pesa, wakatoka nyuso zimekunjuka. Watu wakala. Waringa alizunguka na sinia mpaka miguu ikakataa, akaegemea nguzo ya hema, akaona kwa mbali ule mwisho wa siku ukimjia, na akausubiri kwa hamu kama mgonjwa anayesubiri kukuche.

Likafuata lile la leso. Wasichana wa ukoo hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, bibi harusi akiwa kati yao, na bwana harusi lazima amtambue wake, akikosea apigwe faini. Leso hizo Waringa alizifua mwenyewe wiki ile kwa maji ya moto, akazianika juani, akazipiga pasi pande zote mbili. Mtu aliyeishi na macho ya Waceke hamfuniki Waceke kwa leso iliyotoka sandukuni. Wasichana walijipanga wakachechemea, wengine wameinama wapotoshe kimo. Mbuthia alipita mara moja tu. Alisimama mbele ya wa nne, akafikiri, akafunua.

Watu walishangilia. Kisha vigelegele vikapungua upande wa mbele, vikaendelea nyuma kwa wasioona, mwisho vikafa kote. Uso wa Waceke ulikuwa umeloa machozi mpaka kidevuni.

Shangazi Wangui ndiye aliyewahi. Alicheka akasema kwa sauti ya kufika hadi kwa wageni kwamba msishtuke, huyu ana aleji ya macho tangu utotoni, leso zimemtia vumbi. Pumzi zikashuka. Akina mama wa upande wa Mbuthia wakasema pole, mmoja akasimulia ya mpwa wake ambaye hawezi kukaribia paka. Na Mbuthia, maskini, alitia mkono mfukoni mwa koti akatoa kichupa kidogo cha dawa ya macho. Alikuwa akitembea nacho. Aliwahi kumuuliza Waringa jina la dawa, akanunua yake, akawa anaibeba kila walipokuwa pamoja. Waringa alipoona vile moyo ulimlainika, akasema kimoyomoyo, huyu atamtunza.

Waceke akapangusa uso kwa pindo la leso, akaongozwa mpaka mbele ya wazee, akaketishwa. Hapo ndipo penye kibuyu. Zamani kilikuwa cha pombe. Nyumba hii ni ya kanisa, kwa hiyo kilitiwa uji. Lakini swali ni lile lile la zamani. Mzee wa ukoo humuuliza binti kama anywe, na binti akikubali huonja yeye kwanza, kisha ampe mzee. Bila neno lake hakuna anayekunywa, na asiponywa mzee, mbuzi waliokuja warudi walikotoka.

Mwenye kibuyu alikuwa Mzee Zachariah, kaka yake mkubwa Kihara. Waceke alipewa jina la mama yao, kwa hiyo ndugu hao wawili walimwita "maitu", mama yangu, tangu akiwa na nepi, na kwa Zachariah huo haukuwa utani. Alikuwa mtu wa kufuata mambo hatua kwa hatua, hata kama mvua inanyesha. Alimtazama yule binti. Machozi yalikuwa yanashuka tena.

"Maitu," alisema, "mimi siwezi kunywa uji wa mama yangu naye analia."

Waceke alijibu kwamba ni aleji, baba. Kihara, kwenye kiti chake, akaitikia kwa kichwa. Wangui alimsogelea mzee sikioni, na kwa kuwa hajui kunong'ona watu wengi walimsikia: wageni wanangoja, funika kombe mwanaharamu apite, mtoto amekwisha kusema ni aleji. Mzee Zachariah hakubishana naye. Alisema tu kwamba macho hayo yana mwenye kuyajua, na mwenye kuyajua yupo. Akageuka upande wa nguzo ya hema.

"Mama Waceke, njoo uangalie. Ukiniambia ni ugonjwa, nitakunywa."

Waringa alitembea mpaka pale. Hakuwa na wasiwasi. Alikwenda kama mtu aliyeitwa kuonja chumvi, jambo la dakika moja, aonje arudi kwenye nguzo yake. Alimshika Waceke kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, vile alivyokuwa akifanya Waceke alipokuwa wa kubebwa. Na kwa kuwa watu wote walikuwa wanangoja neno lake, siku hiyo aliangalia kweli.

Kope hazikuvimba. Hilo aliliona kwanza. Macho ya aleji hunona kope, na kwa ndani hupata wekundu wa waridi wenye maji maji. Haya yalikuwa mekundu ukingoni tu. Pua ilikuwa kavu. Hakukuwa na utando, wala ule uzi mweupe kwenye kona. Machozi yalikuwa maji matupu, yanashuka yenyewe, mazito, moja halijafika chini lingine limeanza. Halafu akatazama mikono. Mtu mwenye kuwashwa mikono yake haitulii, hata umfunge, mabega yatasogea yatafute pa kusugulia. Mikono ya Waceke ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine.

Waceke aliona kwamba mama yake ameona. Alisema chini kabisa, bila kusogeza midomo sana:

"Sema tu ni aleji, Mama. Nimechoka."

Lo, na Waringa je? Yeye hakuchoka? Alisikia magoti yake. Aliona sufuria za kuoshwa, hema la kurudishwa, wageni waliovaa suti wametoka mbali, Mbuthia na kichupa chake mkononi. Aliona Jumapili zote zitakazokuja, Wangui akiuliza, kanisa likiombea, na huyu mtoto akizeeka kwenye chumba cha kupanga, na watu wakisema ni mama yake aliyevunja. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilikuwa tayari mdomoni, limekwisha kusemwa au kuitikiwa na watu watatu kabla yake, na hakuna ambaye angelipima. Angelisema, mzee angekunywa, na jioni ile ile angevua viatu.

Alibaki ameshika kidevu cha mwanawe mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Hii si aleji," alisema. "Mtoto wangu analia."

Mzee Zachariah alikiweka kibuyu chini polepole, akakiegemeza kwenye mguu wa meza kisimwagike, akawaambia wageni kwa heshima zote kwamba leo hatutakunywa, tumsubiri mama yetu, na kwamba walicholeta ni chao. Mzee wa upande wa pili alisimama, akasema maneno mafupi ya adabu ambayo yalimgharimu. Wangui alifunika mdomo kwa mkono. Mbuthia hakuondoka na wenzake mara moja. Alimkaribia Waringa, akakiangalia kile kichupa kama aliyesahau ni cha nini, akamuuliza kama siku zile zingine pia haikuwa aleji. Waringa alimwambia hajui. Aliona kwamba jibu hilo halikumsaidia.

Alimkuta Waceke chumbani, chumba chake cha utotoni, ameketi kitandani na viatu vyake miguuni, leso bado mabegani. Machozi yalikuwa bado yanatoka bila kelele. Nje sufuria zilikuwa zinagongana na mtu alikuwa anaburuta viti. Waringa alifunga mlango. Alijikuta anakwenda kabatini, akafungua, mkono ukatafuta palipo na dawa, ukaipata.

"Iache, Mama," Waceke alisema.

Aliiacha. Akasimama katikati ya chumba asijue pa kuweka mikono. Hasira ilimjia, hasira ya mtu aliyechoka, akamuuliza kwa nini hakusema. Miezi yote hiyo ya kupanga, watu kuja na kwenda, kwa nini asiseme neno moja, mpaka tuaibishane mbele ya watu.

Waceke hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Nilikuwa nakuja kila Jumapili nikilia," alisema. "Wewe ulikuwa unaniuliza kama yanawasha."

"Na wewe ulikuwa unajibu yanawasha."

"Ilikuwa rahisi. Nikisema yanawasha, ulikuwa unajua la kufanya."

Waringa aliketi kwenye kitanda. Alitaka kusema kwamba aliyafua maisha yake yote kwenye beseni kwa ajili ya macho hayo, kwamba aliihamisha mashine, kwamba alikosa usingizi, na yote yalikuwa kweli. Lakini lilikuwa limemjia swali lingine, na alilizungusha mdomoni kwanza kwa kuogopa.

"Aleji yenyewe," aliuliza, "iliisha lini?"

"Nikiwa kidato cha tatu hivi. Hurudi kidogo vumbi likizidi, siku moja mbili, inaenda." Waceke alijipangusa kwa kiganja. "Hayo mengine yote, Mama, nilikuwa nalia."

Kidato cha tatu. Waringa alijaribu kuirudia miaka hiyo na haikumpa nafasi, ilimwangukia yote pamoja. Msichana wa sare ya shule mlangoni, macho mekundu, na yeye akimwinua uso akamtia matone. Msichana aliyeanza kazi, vile vile. Mwanamke mzima ameketi mezani kichwa nyuma, macho wazi, mtulivu, akitiwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, anasema asante, anakula, anaondoka. Aliyemfundisha mtoto huyu kujibu hivyo ni nani kama si yeye.

Huko nje Kihara alikuwa akimwita, akitaka kujua mwenye hema alipwe sasa au kesho. Waringa alitaka kumuuliza mwanawe alikuwa akililia nini miaka yote hiyo, akaogopa, kwa kuwa likija jibu lolote hakuwa na dawa yake kabatini, na pia alikuwa amechoka kweli, kuliko alivyowahi kuchoka. Alimvulia Waceke kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka chini ya kitanda. Halafu akamuuliza hivyo hivyo, alikuwa akililia nini.